Amana Katika Zizi la Mwingine

Je, mwenye uwezo wa kufungua ana haki ya kufungua? Swali hili ni kongwe kuliko kompyuta, lakini kompyuta imelileta upya katika vyuo vyetu vya ualimu.

Katika mtandao wenye seva ya Windows, msimamizi anaweza kumpangia kila mtumiaji wasifu unaomfuata. Wasifu huo hukaa katika folda ya seva. Mwanachuo aketipo mbele ya kompyuta yoyote ya mtandao huo, akaandika jina lake na neno lake la siri, wasifu hunakiliwa hapo. Akitoka, mabadiliko yake hurudishwa kwenye seva. Kwa hiyo akihama chumba, nyaraka zake na mipangilio yake humfuata. Utaratibu huu ulikuwamo katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, na hadi leo ungalipo.

Kwetu Tarime na Serengeti wazee walilijua jambo la namna hii. Mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Mingine aliikabidhi kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wasimfilisi kwa usiku mmoja. Mtunzaji alikunywa maziwa, lakini hakuuza ndama. Mlango wa zizi ulikuwa wake. Ng'ombe hakuwa wake.

Waliotengeneza Windows nao walilifikiria. Kwa kawaida, folda ya wasifu ikiundwa na mfumo, msimamizi hapewi ruhusa ya kuifungua mpaka sera ibadilishwe. Hata hivyo anaweza kujitwalia umiliki wa folda, kisha akajiruhusu mwenyewe. Kufuli ipo, na ufunguo wa akiba upo.

Mtu atasema: kompyuta ni mali ya chuo, basi mkuu afungue atakapo. Hoja hii ina uzito. Chuo kina wajibu wa kulinda watu wake, na mitihani ikiibwa hakiwezi kukaa kimya. Lakini zizi nalo lilikuwa mali ya mtunzaji, wala halikumpa ng'ombe. Chombo ni cha chuo. Barua ya mwanachuo kwa mama yake ni ya mwanachuo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inamhifadhia kila mtu mawasiliano yake ya binafsi.

Kwa maoni yangu, sheria itangazwe siku ya kwanza: folda itafunguliwa kwa sababu gani na kwa amri ya nani. Siku hiyo ikifika, awepo shahidi, na mwenyewe ajulishwe. Ukaguzi uliotangazwa ni ulinzi; uliofichwa ni wizi, hata ukifanywa na mkuu.

Tunayemlea ni mwalimu. Kesho atakabidhiwa watoto wa watu pamoja na siri zao, naye atajifunza kutunza amana kwa kuona yake ikitunzwa.