Nyota Njema na Saa Njema

Mwenzetu mmoja kazini hapa Uingereza, mwenye asili ya Tamil Nadu, alikataa kutia saini hati za nyumba yake Jumatatu moja asubuhi mpaka wakati wa Rahu upite. Tulicheka. Baadaye tulijiuliza tulikuwa tunacheka nini hasa. Wazee wetu wa pwani hawakupenda kuanza safari Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, na hao hatukuwacheka.

Hesabu yake si ya kubahatisha. Kalenda ya Kihindu huitwa panchanga, yaani viungo vitano: siku ya juma, tithi, nakshatra, yoga na karana. Tithi ni muda unaouchukua mwezi kulizidi jua kwa nyuzi 12 angani, nazo ziko 30 katika mwezi mmoja wa mwandamo. Kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani siku zote, tithi huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi. Siku huanza jua likichomoza, kama saa zetu za Kiswahili, na hupewa jina la tithi iliyopo wakati huo. Hivyo tithi fupi huweza kurukwa, na ndefu ikahesabiwa siku mbili. Ama Rahu, mchana hugawanywa mafungu manane sawa, na Jumatatu fungu la pili ni lake. Jua likitoka saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, ni saa moja u nusu hadi saa tatu asubuhi.

Hapo sisi wahandisi tukashika kalamu. London, mwezi wa Juni, mchana hupita saa 16, na fungu moja huzidi saa mbili. Desemba mchana haufiki saa nane, na fungu halifiki saa moja. Je, nuksi hunenepa wakati wa joto na kukonda wakati wa baridi? Hesabu yaweza kuwa sahihi hadi dakika, lakini usahihi wake si ushahidi kwamba saa ina heri au shari ndani yake.

Tulidhani tumeshinda hoja. Kisha mwenzetu mwingine akaanguka ofisini. Yule yule wa Rahu ndiye aliyeacha kazi na kumkimbiza hospitali, bila kuangalia kalenda. Tulipomwuliza, alijibu kwamba kalenda ni ya mambo anayoyaanza kwa hiari yake. Mtu akikuhitaji, saa imekwisha kuchaguliwa.

Anayengoja saa moja kabla ya kununua nyumba hamdhuru mtu. Pengine hujikumbusha uzito wa jambo. Lakini sisi tusioamini Rahu tuna yetu: "nikipata nafasi", "mambo yakikaa sawa". Waswahili walisema nyota njema huonekana alfajiri, wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Wangapi kati yetu tumepanda ndege kwenda kuzika, baada ya miaka ya kungoja wakati mzuri wa kwenda kusalimia?