Utu Usiodai Ushahidi: Askari wa Baiskeli wa Montana

Swali la iwapo binadamu huchuma heshima kwa matendo yake au huzaliwa nayo ni la kale katika falsafa ya maadili, yaani tawi la fikra linalochunguza mema na mabaya, na linadhihirishwa vyema na historia ya kikosi cha baiskeli kilichoundwa mwaka 1896 katika ngome ya Fort Missoula, Montana, nchini Marekani. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya mpaka wa magharibi, maana yake ukanda ambamo dola lilijitanua juu ya ardhi za wenyeji, na askari wa kikosi hicho walitoka katika Rejimenti ya 25 ya Askari wa Miguu, ambayo askari wake wa kawaida walikuwa Weusi walioongozwa na maofisa Wazungu.

Luteni James A. Moss, aliyekiongoza kikosi hicho, alishikilia kwamba baiskeli ingeweza kuchukua nafasi ya farasi, kwa kuwa haili majani, hainywi maji wala haina kishindo cha kwato. Ili kulithibitisha hilo, tarehe 14 Juni 1897 askari 20 walifuatana naye, pamoja na daktari na mwandishi wa habari, kuelekea St. Louis, mwendo wa maili 1,900, yaani takriban kilomita 3,060, wakiwa wamebeba bunduki, mahema na chakula. Mvua ilipoigeuza njia kuwa tope walipita juu ya mataruma ya reli, na huko Nebraska mchanga uliwalazimu kuzikokota baiskeli zao, huku maji yenye magadi yakiwaumiza matumbo, hadi walipowasili tarehe 24 Julai, siku ya 41 ya safari.

Jeshi lilidhamiria kupima chombo, lakini mzigo wa kipimo hicho ulibebwa na miili ya watu. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia lengo la mwingine, kwa sababu yeye mwenyewe ni lengo. Hata hivyo, kuwaona askari hao kama zana tupu kungekuwa kuwadhulumu tena, kwani walikuwa na ustadi, kiapo na fahari ya kazi yao.

Katika zama hizo wengi walitumaini kwamba utumishi wa jeshini ungewathibitishia Wazungu kuwa Mweusi anastahili haki kamili za raia. Tumaini hilo linaeleweka, lakini msingi wake una kasoro, kwa kuwa linaigeuza haki kuwa ujira, na ujira huweza kuzuiwa na mwajiri. Sajenti Mingo Sanders, aliyekuwa miongoni mwa waendeshaji wa mwaka 1897 na aliyepigana baadaye Cuba na Ufilipino, alifukuzwa jeshini mwaka 1906 pamoja na wenzake, jumla yao 167, kwa amri ya Rais Theodore Roosevelt, kufuatia ufyatuaji wa risasi mjini Brownsville, Texas, ambao walihusishwa nao, bila yeyote kati yao kuhukumiwa mahakamani. Miaka yake 25 ya utumishi haikumlinda, na jeshi lilipokuja kuwasafisha askari hao mwaka 1972, Sanders alikuwa amekwisha kufariki tangu 1929.

Kiswahili kina neno linaloangaza jambo hili: utu ni hali ya kuwa mtu, ambayo hakuna anayepewa na serikali, na papo hapo ni mwenendo wa kumtendea mwingine kama mtu, ndiyo maana dhalimu husemwa kuwa hana utu ingawa ubinadamu wake haukanushwi. Kwa maana ya kwanza, askari wa Montana hawakuwa na lolote la kuthibitisha, wala maili 1,900 hazikuwaongezea kitu; kwa maana ya pili, waliopaswa kupimwa ni wale waliokuwa na uwezo wa kuwatendea haki, nao katika mwaka 1906 hawakufanya hivyo.