Deni la Msomi: Tafakuri juu ya Masomo ya Ughaibuni na Lugha ya Kuazima

Suala linalotushughulisha katika makala hii ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiisimu. Mwanafunzi anapoondoka Kakamega kwenda kusomea shahada katika nchi ya mbali, kwa lugha asiyozaliwa nayo, kisha akarudi na tasnifu ambayo watu waliomlea hawawezi kuisoma, je, amewakosea? Wapo wanaojibu kwamba lugha ni chombo tu, na kwamba mwenye haja ya kuvuka mto haulizi mtumbwi umechongwa na nani. Wapo pia wanaojibu kwa ukali kwamba kufikiri kwa lugha ya mwingine ni kuutia utu rehani. Na hoja hii, tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipoishadidia katika kitabu chake cha mwaka 1986, imepata wafuasi wengi zaidi katika semina zetu kuliko katika maandishi yetu. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba majibu yote mawili yanalikwepa swali. Yanamzungumzia msomi na lugha yake. Hayamzungumzii yule aliyebaki nyumbani, ambaye maneno yake ndiyo yaliyofungwa katika mizigo ya safari.

Yafaa kwanza tuiondoe dhana kwamba ugeni wa lugha huanzia katika uwanja wa ndege. Mtoto wa Shinyalu hunena Kiisukha jikoni na Kiswahili sokoni, na anapopanda madarasa hufundishwa kila somo kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Akijiunga na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilicho papo hapo mjini Kakamega, ataandika tasnifu yake kwa Kiingereza bila ya kuvuka mpaka wowote, labda awe katika taaluma ya Kiswahili. Chuo chenyewe kimepewa jina la mtu ambaye ilimbidi aende hadi Cape Town kutafuta shahada, katika miaka ambayo Afrika Kusini ilikuwa ikiufanya ubaguzi kuwa sheria.

Tofauti kati ya anayebaki na anayeondoka, basi, haimo katika ugeni wa lugha bali katika kuutambua ugeni huo. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kiliwapokea vijana wa Kiafrika, Wakenya miongoni mwao, na kabla ya kuwaingiza katika vitivo vya taaluma kikawaweka katika kitivo cha matayarisho ili wajifunze Kirusi. Wale waliotangulia kwenda Marekani katika ndege ya Tom Mboya ya Septemba 1959, wanafunzi 81 kwa idadi, walidhaniwa kuwa lugha wanayo tayari. Kimaadili tofauti hii si ndogo. Aliyekaa mwaka mzima akijifunza kuomba mkate kwa Kirusi alijua kwamba ameazima, na anayejua kwamba ameazima hujua pia kwamba kuna kurejesha. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Kiingereza ni elimu yenyewe haoni alichoazima wala alichoacha.

Tuchukue mfano wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tuseme mwanafunzi amepata nafasi ya uzamifu Ulaya na ameichagua isukuti kuwa mada yake. Katika kikao cha kwanza msimamizi wake atamwuliza: isukuti ni nini hasa? Je, ni zile ala tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, au ni uchezaji, au ni hafla inayowakusanya watu? Nyumbani swali hili halikuwahi kuulizwa, kwa sababu jina moja lilibeba ala na uchezaji pamoja, kama vile neno letu la Kiswahili 'ngoma' linavyobeba chombo, mchezo na mkutano bila ya kuelemewa. Lugha ya kigeni inamlazimu apasue. Na hapa lazima tuwe wakweli: katika kupasua huko hugundua jambo. Huona kwamba pembe ya paa na njuga zina kazi yake, kwamba sauti ya kiongozi hufuatana na ngoma na miguu kwa utaratibu ambao hakuna aliyewahi kumfafanulia. Msomi aliyebanwa na lugha isiyo yake aghalabu huona zaidi kuliko aliyestarehe katika yake, na wanaokanusha hilo nadhani hawajawahi kujaribu kueleza kwa mgeni kitu wanachokipenda.

Hata hivyo, kilichopasuliwa hakirudi kuwa kimoja katika tasnifu. Maneno ya nyimbo husukumwa hadi kwenye kiambatisho, na mwimbaji huwa 'mtoa habari' mwenye nambari. Zaidi ya hayo, mwanafunzi huyo akitaka kuandika juu ya mila za Waluyia atajikuta akimnukuu Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1930 na ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1949, kwa Kiingereza. Atamnukuu hata pale ambapo angeweza kumwuliza nyanya yake, kwa kuwa kamati ya mtihani huuamini ukurasa. Hapa ndipo deni linapozaliwa. Kuandika kwa lugha ya kigeni peke yake hakulizalishi. Linazaliwa pale maneno yanapochukuliwa kwa watu na kugeuzwa kuwa elimu ambayo hao wenyewe hawawezi kuisahihisha.

Fasihi ya Afrika Mashariki inatupa mifano miwili ya waliolijua deni hilo. Okot p'Bitek alisoma anthropolojia Oxford, na katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika katika taaluma ya Kimagharibi alieleza jinsi alivyolazimika kupinga maneno ya dharau waliyotumia walimu wake kwa watu wa kwao. Nyimbo za Waacholi na Walango alizozichambua kwa Kiingereza kwa ajili ya watahini zilikuwa ni mali ya watu. Utenzi wake juu ya Lawino aliutunga kwanza kwa Kiacholi. Kwamba tafsiri yake ya Kiingereza ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, mwaka 1966, nayo matini ya Kiacholi ikangoja hadi 1969, ni shutuma kwa soko la vitabu wala si kwa mtunzi.

Euphrase Kezilahabi alilipa kwa njia nyingine. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ya mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, na iliandikwa kwa Kiingereza. Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991). Wahakiki wamezoea kuueleza ugumu wa riwaya hizi kwa kutaja majina ya wanafalsafa wa Ulaya. Sisi tunazisoma kama tasnifu ile ikirudi nyumbani: maswali yaliyoulizwa ughaibuni yameulizwa upya kwa Kiswahili, bila ya istilahi na bila ya tanbihi. Msomaji anayelalamika kwamba hazieleweki angalau analalamika kwa lugha iliyomo kitabuni, na mwandishi anaweza kumsikia.

Litatolewa pingamizi kwamba si kila mwanafunzi ni mtunzi, na kwamba kumdai aandike mara mbili ni kumbebesha mzigo asiolipwa. Pingamizi hili lina uzito. Mhandisi aliyesomea madaraja kwa Kijerumani hulipa kwa daraja. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi hakuchukua chuma wala saruji. Alichukua maneno, na kumpelekea mwimbaji nakala iliyojalidiwa vizuri ambayo hawezi kuisoma si malipo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: alipe kwa lugha gani? Kezilahabi alilipa kwa Kiswahili, si kwa Kikerewe alichozaliwa nacho. Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kudhani kwamba tukiandika kwa Kiswahili tumeshafika nyumbani. Kwa mzee wa Ikolomani Kiswahili ni lugha ya chifu na ya soko. Anakielewa, ila haimbi kwacho. Tasnifu ya isukuti iliyoandikwa kwa Kiswahili imemkaribia kuliko ile ya Kijerumani, lakini bado imesimama uani. Idara inayomtaka mtahiniwa atoe muhtasari wa Kiingereza ingeweza pia kumtaka awasomee waimbaji, kwa Kiisukha au Kiidakho, yale aliyoyasema juu yao, na ayaandike majibu yao. Huenda wakakataa sura nzima ya nadharia. Huenda pia wakamwambia kwamba ubeti wa tatu ameunukuu vibaya, jambo ambalo mtahini wa nje hana njia ya kulijua.