Tundu Penye Uso wa Mfalme

Karibu na stesheni ya zamani ya Konza, pale reli ya Magadi inapoachana na ile ya Mombasa, anaishi bibi wa ukoo wetu ambaye sote humwita susu. Shingoni huvaa uzi mweusi wenye peni moja. Kwa msomaji aliyezaliwa juzi, peni ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya wakati wa mkoloni: duara pana la shaba nyeusi lenye tundu katikati. Hii ya susu ni ya mwaka 1942. Upande mmoja pana taji na jina la Mfalme George wa Sita kwa Kilatini. Upande wa pili pembe za ndovu zimepinda kulizunguka tundu. Imelika kiasi kwamba baadhi ya herufi utazisoma kwa ukucha kabla ya kuzisoma kwa jicho.

Niliikumbuka peni hiyo siku sonara mmoja wa Mombasa aliponiwekea kiganjani kidani alicholetewa kutengeneza. Ndani ya dhahabu mlikuwa na sarafu ya fedha ya Uajemi, drakma ya Khosrow wa Pili, aliyetawala tangu 590 hadi 628, yule ambaye simulizi za Kiislamu humwita Kisra. Sarafu za aina hiyo zina uzito wa gramu 4 hivi, zimefuliwa pana na nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisra ametazama kulia, taji lake lina mabawa. Nikaigeuza: madhabahu ya moto, na mlinzi kila upande.

Kilichonishika ni dhahabu. Gramu kwa gramu, dhahabu huishinda fedha kwa mbali sana, na bado pale ilikuwa imejikunja kandokando, imeikumbatia fedha kwa vijino vidogo ili isidondoke. Chenye bei kilikuwa kinakitumikia chenye umri. Ikiwa thamani ni jambo la mizani tu, basi kidani kile kimepinduliwa, na mnunuzi wake hakujua alichokinunua. Mimi naamini alijua.

Kiswahili kinatupa pa kuanzia. Fedha ni madini, na fedha ni pesa. Tukisema Wizara ya Fedha hatuwazi madini hata kidogo, lakini neno linakumbuka wakati ambapo ilibidi kuyawaza, kuyapima na kuyang'ata. Maneno mengine ya pesa nayo ni athari za nyayo za waliopita: rupia na pesa kutoka Bara Hindi, hela ya Mjerumani, shilingi ya Mwingereza. Hata dirhamu ni drakma ya Wagiriki iliyopita Uajemi, ikachukuliwa na Waarabu.

Sasa, sifa kuu ya sarafu ni kutokuwa na nafsi. Ukinikopesha shilingi 20, hunidai ile ile uliyonipa. Ukidai hivyo nitadhani unaumwa. Sarafu njema ni ile isiyokumbukwa. Inaingia mkononi, inatoka, na mkono unaofuata hauulizi ilikotoka. Pambo hufanya kinyume chake. Pambo likipotea, mwenye nalo hatulizwi na jingine la bei hiyo hiyo, maana alichokipoteza ni hili. Kwa hiyo anayeichukua sarafu na kuivaa haongezi tu urembo. Anakitoa kitu katika kundi la vitu vinavyobadilishana na kukitia katika kundi la vitu visivyo na mbadala, na hilo ni badiliko kubwa kuliko yote yanayoweza kuifika sarafu, kuyeyushwa kukiwamo.

Wenye mamlaka hawana uwezo huo. Wao waweza kuigeuza pesa kuwa pesa nyingine tu. Waliojenga reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 walilipwa kwa rupia. Mwaka 1920 ikaja florini, mwaka 1921 ikaja shilingi. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar, iliendelea kupigwa mwaka baada ya mwaka ikiwa na tarehe ile ile ya 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, kwa sababu wafanyabiashara waliuzoea uso wake na hawakutaka mwingine. Huko Uhabeshi na Uarabuni wanawake waliitoboa, wakaivaa.

Kutoboa ni jambo zito. Sarafu iliyotobolewa hutiliwa shaka sokoni, kwa hiyo anayetoboa ameamua. Hapo ndipo peni ya susu inaponifikirisha zaidi kuliko drakma. Kwenye shilingi ya enzi hiyo kichwa cha mfalme kilijaa katikati. Kwenye peni na ndururu, yaani senti 5, mahali pa uso palikatwa pakabaki wazi. Peni ilizaliwa na tundu, tayari kwa uzi, pesa na ushanga kwa pamoja. Na pembe zile za ndovu ni picha ya mzigo ambao Wakamba waliupeleka pwani kwa misafara katika karne ya 19.

Susu alipewa peni hiyo na babake, aliyekuwa kibarua wa reli, akatumwa sukari. Hakwenda dukani. Aliificha, akaadhibiwa, na hakusema iliko. Nimemsikia akisimulia hivyo mara nyingi, na kila mara nawaza sukari ile isiyonunuliwa. Peni mkononi mwa mtoto ilikuwa ahadi ya kitu chochote kilichokuwa dukani. Yeye alikataa vyote, akabaki na alama ya mkono uliompa.

Lakini kuna hasara ambayo mpenda mapambo hana budi kuikubali. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani yenyewe, na maandishi ya pande mbili yana vina. Tumejifunza mengi kwa sababu zilikutwa pamoja, katika udongo wao. Drakma ya Mombasa imetenganishwa na wenzake. Nani aliizika, pamoja na nini, katika mji gani? Dhahabu haijui. Imeuheshimu uso wa Kisra na kunyamaza juu ya mikono yote iliyoushika. Nikilinganisha, naona peni imehifadhiwa vizuri zaidi kwa uzi wa shilingi chache, maana yupo anayeijua safari yake.

Si mbali na kwa susu, Malili, liko eneo la ekari kama 5,000 ambako Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia Januari 2013. Humo mna kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Pesa za simu, ambazo nchi hii imezitumia tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hazisahau: nani alituma, kwa nani, saa ngapi. Ni kumbukumbu kamili kuliko ya sarafu yoyote, na inatufaa kweli. Ila inatunzwa bila sisi. Sarafu haikumbuki lolote, na kwa hiyo inamtaka mtu wa kukumbuka kwa niaba yake, na akizeeka, inamtaka mwingine.

Uzi wa susu ukichakaa hubadilishwa. Desemba iliyopita aliniita mimi. Alinikabidhi uzi mpya na peni, iliyokuwa bado na joto la kifua chake, akanisimulia tena habari ya sukari ingawa anajua naijua. Nikaupitisha uzi tunduni. Kisha akainamisha kichwa, nikafunga fundo.