Aliyeshukuru kwa Kushindwa

Usiku wa Novemba 4, 2001, jijini Phoenix, Mariano Rivera, mrushaji wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alirusha mpira mzuri na akashindwa nao. Uliingia kwa kasi, ukapinda ghafla kumwelekea Luis Gonzalez, mpigaji wa Arizona, ukagusa gongo lake karibu kabisa na mikono. Mpira uliopigwa hivyo hauna nguvu. Ulielea juu ya kichwa cha Derek Jeter, mlinzi wa Yankees, ukatua kwenye nyasi nyuma yake. Jeter angekuwa amesimama mahali pake pa kawaida angeudaka bila taabu. Lakini wapinzani walikuwa wamejaza vituo vyote, na walinzi wa Yankees walilazimika kusogea mbele. Arizona 3, New York 2. World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, ikaishia hapo.

Msomaji aliyezoea soka anaweza kumfikiria Rivera kama kipa anayeingizwa dakika ya 85, timu yake ikiongoza kwa bao moja. Mrushaji wa akiba wa aina yake hajengi ushindi. Hukabidhiwa ushindi uliojengwa na wenzake, aulinde. Akifaulu, huandikiwa kwamba ameokoa mchezo. Rivera aliokoa mara 652 katika mechi za ligi kati ya 1995 na 2013, idadi ambayo hakuna aliyeifikia, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingia Jumba la Heshima la besiboli kwa kura zote, 425 kwa 425.

Yeye ni mlokole. Alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi nchini Panama, akafanya kazi kwenye boti iliyoongozwa na baba yake, na mwaka 1990 Yankees wakamsajili kwa fedha kidogo tu. Mpira uliompa jina hakufundishwa na kocha. Mwaka 1997, akirushiana na mwenzake Ramiro Mendoza, mpira ulianza kupinda wenyewe, bila yeye kubadilisha namna ya kuushika. Alijaribu na kocha wake kuunyoosha, wakashindwa. Rivera akaona kwamba amepewa na Mungu, akauacha upinde. Misimu ikapita, wapigaji wakijua wazi unakuja, na bado ukawavunjia magongo.

Basi mtu aliyeamini mpira wake ni zawadi ya Mungu aliuonaje ulipomwangusha?

Jibu lake lilitokana na jambo lililotokea siku 8 baadaye. Kama Yankees wangeshinda, New York ingewaandalia maandamano ya ubingwa, na mwenzao Enrique Wilson angebaki kushangilia, kisha asafiri kwenda kwao Jamhuri ya Dominika kwa ndege ya American Airlines namba 587. Waliposhindwa, aliondoka mapema. Novemba 12 ndege ile ilianguka Queens muda mfupi baada ya kuruka. Walikufa watu wote 260 waliokuwamo, na wengine 5 waliokuwa ardhini. Rivera alisema wazi kwamba anafurahi walishindwa, kwa kuwa bado ana rafiki.

Kauli hiyo inagusa moyo, na inatisha. Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilitikiswa na msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege iliyotangulia. Rubani msaidizi akakanyaga pedali za usukani wa mkia kwa nguvu, kushoto na kulia, hadi mkia ukang'oka. Kama mkono wa Mungu uliupitisha mpira juu ya Jeter ili Wilson apone, kwa nini haukuutuliza mguu ule? Mama aliyempoteza mwanawe kwenye ndege hiyo ana haki ya kuuliza, na hastahili kujibiwa haraka haraka.

Wapo watakaomjibu kwa kadari: kila mtu na siku yake. Maneno hayo yametuliza misiba mingi na yana heshima yake, lakini aliyepona akimwambia aliyefiwa, huwa kama hukumu. Marafiki wa Ayubu hawakukosea walipokaa naye kimya siku 7. Walikosea walipoanza kueleza. Na Yesu, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, wala hakutoa sababu ya kifo chao.

Inabaki kutenganisha shukrani na maelezo. Anayeshukuru humtazama rafiki aliye mbele yake. Haandiki hesabu ya waliokufa. Rivera ana haki yote ya kulia kwa furaha akimwona Wilson. Mtu mwingine akiichukua furaha hiyo na kuifanya ufunguo wa mipango ya Mungu, ameifikisha mahali ambapo haiwezi kusimama.

Rivera mwenyewe alikuja kupimwa bila ufunguo wowote. Oktoba 17, 2004, akihitaji kulinda uongozi mdogo tu ili wapinzani wao Boston waondoke mashindanoni, aliupoteza katika awamu ya 9. Boston wakashinda mchezo huo na mingine 3 mfululizo, kisha wakachukua ubingwa. Safari hii hapakuwa na ndege. Hakuna rafiki aliyepona, hakuna habari iliyokuja baadaye kuupa uchungu maana. Aprili 2005 alirudi Boston, na uwanja mzima ukamshangilia kwa kejeli kana kwamba ndiye aliyewapa kombe. Alicheka, akawainulia kofia. Imani inayotegemea kisa cha Wilson isingekuwa na pa kushika siku hiyo. Yake ilisimama mikono mitupu, na hapo ndipo inapostahili kusikilizwa zaidi.

Hata hivyo haimjibu yule mama. Huko Rockaway, si mbali na ndege ilipoanguka, upo ukuta wa ukumbusho wenye majina ya waliokufa, wengi wao wenye asili ya Dominika, na katika ukuta huo pameachwa mlango ulio wazi kuelekea baharini. Ndugu zao hukutana kila Novemba 12, na majina husomwa moja baada ya jingine.