Daraja la Kwanza na Daraja la Tatu

Mtu wa Moshi anayetaka kwenda Bukoba kwa meli kutoka Mwanza huulizwa dirishani: daraja gani? Wapo wanaoona kwamba kulipia chumba chenye kitanda, huku wenzako wakikesha wameegemea mizigo yao, ni dhambi ya kujitenga. Sikubaliani nao. Mgongo wa mzee una haki zake, na anayenunua usingizi kwa jasho lake hajamnyang'anya mtu.

Lakini kuna jambo lisilopaswa kuuzwa kwa nauli. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Maji hayakuuliza tiketi, lakini daftari lilikuwa limekwisha kubagua.

Sisi walimu tunajua maana ya kuita majina asubuhi. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima wa kihamba huitikia daftari moja, hata kama mmoja ana viatu na mwingine hana.

Basi, ndugu msomaji, chagua chumba kwa kadiri ya mfuko na mifupa yako, wala usione haya. Ila kabla ya kulala, jiulize kama yule wa daraja la tatu naye ameandikwa. Tofauti ya godoro yavumilika; tofauti ya kuhesabiwa kuwa mtu haivumiliki.