Akamtoa Kwenye Kelele

Andiko: Marko 7:31-37

 

Wapendwa, leo sina mahubiri ya kupigiwa makofi. Nina toba.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja alimleta kijana wake wa miaka saba hapa mbele tumwombee. Kijana hasemi. Hamwangalii mtu usoni. Ilikuwa siku ya mwisho ya mfungo, spika zote zimefunguliwa, kwaya imepamba moto. Mtoto akaziba masikio, akaanza kulia kwa nguvu. Nikafanya nilivyozoea. Niliwaambia wahudumu wamshike, nikaisogeza maikrofoni, nikamkemea pepo bubu kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto akajikojolea mbele ya madhabahu. Mama yake akamfunika kwa leso, akambeba mgongoni, akatoka. Kabla hajafika mlangoni nikasema imani yake ni haba. Nanyi mkasema amina.

Mama huyo hakurudi.

Sasa fungua Biblia yako, usome polepole. Watu wanamletea Yesu mtu asiyesikia, na ulimi wake mzito. Wanataka amwekee mkono palepale, kila mtu aone. Lakini Yesu anafanya nini kwanza? Anamtoa kwenye umati. Anakwenda naye kando, wawili tu. Mwambie jirani yako: alimtoa kwenye kelele!

Halafu tazama mikono yake. Anagusa masikio, anagusa ulimi, anatazama juu mbinguni. Mtu huyu hasikii, kwa hiyo Bwana anaongea naye kwa vidole na kwa macho, lugha anayoielewa. Neno "Efatha" linakuja baadaye. Mimi nilianza na maikrofoni.

Nilifumbuliwaje macho? Mshirika wetu mmoja, muuguzi, aliniomba nikafungue kwa maombi mafunzo ya walimu na wahudumu wa afya hapa mjini Nakuru. Watu wawili wa kujitolea walikuwa wametoka Uingereza kwa likizo yao na nauli yao, kufundisha jinsi ya kuwasaidia watoto wenye usonji. Nilipanga kuomba na kuondoka. Mvua ikanizuia, nikakaa.

Nje kulikuwa na akina mama waliotoka Njoro hadi Molo, wameleta watoto wakidhani wageni watawatibu. Wageni wakawasalimia kwa upendo, lakini wakasema: baada ya wiki mbili sisi tutakuwa tumeondoka, walimu hawa watabaki, acheni tuwafundishe wao. Kusema kweli nilikasirika. Nikawaza, mmetoka mbali hivyo mje kutunyima?

Kisha nikakumbuka 2 Timotheo 2:2. Paulo anamwambia Timotheo ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu, nao wafundishe wengine. Hesabu vizazi: Paulo, Timotheo, waaminifu, na wengine. Ni vinne katika mstari mmoja! Anayekufanyia kazi anakusaidia leo. Anayekufundisha anamsaidia mtoto ambaye hatamwona kamwe.

Na jambo hili Kenya si geni. Mwaka 1984 nchi yetu, kwa msaada wa Denmark, ilianzisha vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vile tunavyoviita EARC. Mwaka 1986 ikaanzishwa KISE, chuo cha kufundisha walimu wa watoto hao. Wadenmark walirudi kwao. Walimu wapo hadi leo.

Nilijifunza nini siku hiyo? Shuka chini, macho yako yawe sawa na ya mtoto. Tumia maneno machache, kisha ngoja. Ngoja tena. Punguza kelele. Mwonyeshe kwa picha kitakachofuata: kwanza kuoga, kisha chai. Picha za wageni zilikuwa na bafu la kizungu na mkate wa kuchomwa. Mwalimu mmoja wa kwetu akachukua kalamu akachora beseni, ugali, sukuma na matatu. Wale wageni wakafurahi, wakanakili za kwake. Hapo nikaona mwanafunzi tayari amekuwa mwalimu.

Jambo jingine ni kwamba kabla ya yote, mzazi huulizwa: mtoto wako anapenda nini, na anaogopa nini? Nilikaa pale nikaona aibu. Sikuwahi kuuliza.

Kanisa, usonji si laana. Hauletwi na dhambi ya mama wala na chanjo. Ubongo wa mtoto umekua kwa namna tofauti tangu mwanzo. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Hata madaktari wakubwa wa ng'ambo waliwahi kuwalaumu akina mama kwamba ni baridi, hawana upendo, mpaka Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, akaandika kitabu mwaka 1964 kulipinga wazo hilo. Na hapa Kenya, Autism Society of Kenya ilianzishwa na wazazi mwaka 2003.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Tukikaa hapa watu 500, ni karibu wanne. Wako wapi? Nasikia amina imekuwa ndogo. Wako nyumbani Kaptembwo, mlango umefungwa, na mama yao hajaketi ibadani miaka mingi.

Mtu ataniuliza, "Pasta, umeacha kuamini uponyaji?" Hapana. Mimi bado nitapanda Menengai kufunga na kuomba. Mungu wangu hashindwi. Lakini sitamkemea pepo mahali ambapo hakuna pepo. Na kama mtoto wako ana dawa za kifafa, sikia sauti ya mchungaji wako: usiziache kwa sababu umeombewa.

Nilimtafuta yule mama. Nilikwenda na mke wangu, bila maikrofoni. Nikaomba msamaha. Akanyamaza sana, kisha akasema, "Pasta, siku hiyo ungeniuliza tu, ningekuambia anaogopa kelele."

Sasa tufanye nini? Kuanzia Jumapili ijayo, ibada ya kwanza spika zitapunguzwa, na chumba cha nyuma kitakuwa mahali pa utulivu. Walimu wa Sunday School, yule muuguzi wetu atawafundisha Jumamosi mchana, nanyi mtawafundisha wengine. Wewe mzazi, mtoto akichelewa kusema au asipoitika jina lake, mpeleke hospitalini na kituo cha EARC mapema, usingoje kesha. Na wewe jirani, mama akija na mtoto anayelia, usigeuze shingo. Keti naye nje. Hiyo nayo ni ibada.

Yule mama sijamwambia arudi. Nimemwambia tunajifunza. Kiti cha karibu na mlango wa pembeni tumekiacha wazi. Mtu asikikalie.

Tuombe: Baba, tusamehe kelele zetu. Tufundishe kushuka chini, kuuliza na kungoja. Wabariki wanaofundisha na wanaofundishwa, wa kwetu na wageni. Katika jina la Yesu. Amina.